Mti Namba Kumi na Tisa

Kazi yenyewe ilikuwa vibao ishirini na sita vya bati, kila kimoja shibiri mbili kwa shibiri moja, viandikwe majina ya miti iliyomo kwenye kiwanja cha chuo cha wauguzi. Mkuu wa chuo, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alimpa fundi wa maandishi orodha ya zamani iliyopigwa chapa, karatasi tatu zilizokwisha kugeuka rangi ya chai.

"Majina yote yamo humu," alisema. "Wewe andika tu, na herufi zitimie. Fundi aliyepita alituandikia 'Maabaa'. Tumeishi nayo miaka minne."

Fundi alicheka, akafunua karatasi ya mwisho, akaacha kucheka. Chini kabisa palikuwa na saini anayoifahamu vizuri. Ilikuwa ya mama mkwe wake.

Kabla hakijawa chuo, kiwanja kile kilikuwa ofisi ya misitu, na mama mkwe alifanya kazi pale miaka thelathini na mmoja. Alikuwa akikausha majani, akiyashona kwenye karatasi ngumu na kuyaandikia jina, mahali na tarehe. Mtaani walimwita Bibi Majani, naye hakuchukia. Alihamia kwa mwanawe miaka sita iliyopita, baada ya kufiwa na mumewe, na tangu hapo yeye na fundi, mke wa mwanawe, walikuwa wakiishi kama sahani mbili kabatini: karibu sana, na kila mmoja akichunga asimguse mwenzake. "Umeamkaje mama." "Salama mwanangu." "Nikuongezee chai?" "Inatosha." Hawakuwahi kugombana hata mara moja, na fundi wakati mwingine alijiuliza kama hiyo ni dalili njema.

Jioni ile alipoiweka orodha mezani, mama mkwe aliisogeza hadi ikakaribia kumgusa pua. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali alikataa kwenda. Alisema ameshaona vya kutosha.

"Mimi hii niliipiga chapa kwa vidole viwili," alisema. Kisha: "Nitakwenda na wewe."

"Mama, ni kuandika tu. Majina yapo."

"Unataka kuchora majani pia. Nilikusikia ukimwambia mume wako."

Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amepanga kuchora jani la kila mti pembeni mwa jina lake, kwa wale wasiokumbuka majina lakini wanakumbuka sura.

"Basi utachora jani gani, lililoanguka chini au lililo mtini? Changa au kuukuu? Unaona? Twende wote."

Wakawa wanakwenda kila asubuhi kabla jua halijakaza. Mama mkwe alijitundika shingoni kioo cha kukuzia kwa uzi wa kiatu, na mkononi alibeba magazeti ya kulazia majani. Fundi alibeba kitu cha kukalia, penseli na daftari. Miti michache ilikuwa na namba za bati zilizopigiliwa zamani; mingine ilikuwa imemeza namba zake, gome likafunga juu yake kama mdomo.

Mama mkwe alianza na gome siku zote. Aliuweka mkono wote juu ya shina, akausogeza taratibu kama anayetafuta homa.

"Jani linaliwa na wadudu, linafunikwa na vumbi, linapukutika," alimwambia. "Gome lipo mwaka mzima. Ukilijua gome hutahangaika."

"Mimi naona magome yote ya kijivu, mama."

"Hata watu wote wana pua."

Kwenye mti namba saba, ule mnene wa getini, alimwonyesha jinsi gome la mkangazi linavyobanduka magamba magamba na kuacha madoa mapya chini yake. Alikwaruza kidogo kwa ukucha, ndani pakaonekana pekundu kwa mbali. "Onja."

Fundi alionja, akatema, akafuta ulimi kwa kitambaa chake cha rangi, na hapo akaonja na tapentaini juu yake. Mama mkwe alicheka hadi akashika shina. Fundi hakuwahi kumwona akicheka hivyo, na alijikuta hajali ule uchungu.

"Ndiyo sahihi yake hiyo," alisema mama mkwe akipangusa macho. "Mkangazi usio mchungu hakuna."

Fundi alichuma jani, akalichora. Jani moja la mkangazi ni kama unyoya: kikonyo kirefu katikati na majani madogo yamepangana jozi jozi. Lile la namba saba lilikuwa na kasoro. Jozi ya tatu ilibaki na jani moja, la pili limeliwa na mdudu. Alilichora vivyo hivyo, na pengo lake.

Namba kumi na moja, karibu na jiko, ulikuwa mkongo. Jani lake nalo lilipangana jozi jozi, na gome lake lilibanduka pia, hata fundi akadhani wamerudi kwenye mkangazi.

"Wengi hudhani," alisema mama mkwe. "Shika kikonyo cha hili jani dogo. Taratibu. Unasikia?"

Fundi alikipitisha kati ya vidole viwili. Kikonyo kilikuwa kimejisokota, kama kitambaa ambacho mtu ameanza kukikamua halafu akaitwa. Ukingo wa jani nao ulikuwa na mawimbi. Baada ya hapo asingeweza kuvichanganya tena.

Walipofika namba kumi na tisa, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, mama mkwe hakuuliza chochote. Alilipigapiga shina kama mtu anavyompiga mjukuu mgongoni, akaketi kwenye benchi la wafuaji.

"Huu hauhitaji kuhojiwa. Huu ndio ulionipa kazi."

Akamsimulia. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alikuwa mfagiaji wa ofisi ile. Wakubwa walikuwa wakikamilisha orodha ya miti, kiangazi, na mti huu, wakati ule ukiwa mwembamba kama paja, haukuwa na jani hata moja. Wakasimama pale wakibishana. Yeye alikuwa na ufagio mkononi. Baba yake alikuwa mpasua mbao, na magogo ameyajua tangu utotoni, basi akasema, "Huu ni mkangazi. Tazameni gome."

"Mmoja wa vijana wa pale alibisha. Alisema mkangazi haujiachi uchi namna hii, tusubiri majani yatoke. Nikamwambia, mti mgonjwa hujiacha vyovyote. Wote wakacheka. Mkubwa wa ofisi akaandika mkangazi, na wiki iliyofuata akanitoa kwenye ufagio akaniweka kwenye meza ya majani." Alitabasamu, uso ukielekea kwenye mti asiouona vizuri. "Chuma jani lako twende, jua limekwisha kuwa kali."

Fundi alivuta tawi la chini. Mti ule ulikatwa kila mwaka kwa sababu ya nyaya za umeme zilizopita juu yake, kwa hiyo haukupata nafasi ya kuzaa, na matawi yake yalikuwa machanga na ya karibu. Alichuma jani, akaanza kulilaza kwenye gazeti, na vidole vyake vikasikia jambo kabla hajalifikiria.

Kikonyo kilikuwa kimejisokota.

Alichuma jingine. Nalo hivyo hivyo. Aligeuka kumtazama mama mkwe kwenye benchi, ameegemea ukuta wenye joto, mikono mapajani, bado na lile tabasamu.

"Umepata?"

"Nimepata, mama."

Nyumbani, kwenye chumba cha nyuma alichokifanya karakana, aliyatandaza majani matatu juu ya meza: la namba saba, la kumi na moja na la kumi na tisa. Hata mtoto wa shule ya awali angesema ni yapi mawili yaliyofanana. Alikaa akiyatazama mpaka rangi ya msingi kwenye bati ikakauka mbele yake.

Kisha akaandika, kwa herufi zake nzuri kuliko zote: 19. MKANGAZI. Na pembeni, kwa kuwa alihitaji jani, akachora la namba saba.

Jumamosi mama mkwe alitaka kukagua kazi iliyokwisha. Alipangiwa vibao ukumbini, akavipitia kimoja kimoja, kioo kimebanwa kwenye jicho la kushoto ambalo lilikuwa na unafuu kidogo. Fundi alisimama nyuma yake na brashi mkononi, ingawa hapakuwa na chochote cha kupaka.

"Una mkono," mama mkwe alikuwa akisema. "Hata mishipa ya jani umeiona. Huyu wa nane, ala, amependeza." Akafika kwenye cha kumi na tisa. Alikiinamia muda mrefu. Akarudi akakitazama cha namba saba, akarudi tena.

"Hili ni jani la namba saba."

Fundi aliifuta brashi isiyo na rangi.

"Jozi ya tatu ina pengo. Na hapa jozi ya tatu ina pengo. Mdudu gani huyo anayekula miti miwili mahali pamoja?" Alikishusha kioo. "Kwa nini hukuchora la kumi na tisa?"

"Lilinyauka, mama."

"Lilinyauka." Mama mkwe alisimama, akavaa viatu, akatoka.

Kutoka pale hadi chuoni ni mwendo wa dakika kumi, na fundi alimfuata kwa mbali, akiogopa kumwita na akiogopa kumwacha avuke barabara peke yake. Alimkuta nyuma ya chumba cha kufulia, amekwisha kukwaruza gome na kutia kipande mdomoni. Alikuwa anatafuna. Alitafuna, akatafuna, akingoja uchungu, na uchungu haukuja. Wafuaji wawili waliokuwa wakianika mashuka walisimama kumtazama. Kisha akapapasa hewani hadi akalipata tawi, akapitisha kikonyo kati ya vidole viwili, kimoja, cha pili, cha tatu.

"Ukakasi tu," alisema, bila kugeuka. Alijua fundi yupo. "Ulijua tangu siku ile."

"Ndiyo."

"Ukanivisha kilemba cha ukoka."

"Mama, nilikuheshimu."

"Heshima ya kunidanganya usoni, tena kwa rangi ya mafuta." Alimpita akaenda zake, mkono ukiufuata ukuta.

Siku mbili nyumba ilikuwa kimya. Mume wa fundi, ambaye ni fundi umeme na aliyezoea kutafuta hitilafu, alikaa mezani akatazama upande mmoja na mwingine.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hakuna," walijibu kwa pamoja.

"Basi mmoja wenu anisogezee chumvi. Yeyote ambaye haijamkosea."

Hakucheka mtu. Akaila mboga yake bila chumvi.

Fundi hakuweza kufanya kazi. Alichukua msasa akaanza kukifuta kile kibao, akaacha katikati, maana hakujua aandike nini bila kuambiwa, na kuuliza hakuthubutu. Kilichomuuma hakikuwa ule ukali. Siku kumi na nne walizozunguka kwenye kiwanja kile zilikuwa siku zake nzuri kuliko zote tangu aolewe, na sasa aliona kama amezimwaga kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi ya tatu mama mkwe aliingia karakana, mahali ambapo hakuwahi kuingia bila kubisha hodi, akavuta kopo kubwa la rangi akalikalia.

"Yule kijana aliyebisha," alisema. "Sikukuambia ni nani."

Fundi aliweka brashi chini.

"Ndiye baba mkwe wako. Miaka miwili baada ya siku ile akanioa. Alikuwa mpole, si mtu wa kushindana. Sasa sikiliza. Kila jioni tukitoka kazini tulipita pale, miaka yote ile. Mimi nasema, mkangazi wangu umenenepa. Yeye anasema, mti wako umenenepa kweli. Mti wako una kivuli siku hizi. Mti wako wameukata vibaya." Akatikisa kichwa. "Siku mbili hizi nimekuwa nikitafuta kichwani. Sikumbuki hata mara moja akiuita mkangazi. Hata mara moja."

"Labda naye hakuwa na hakika."

"Yule? Yule alikuwa anaujua mti kwa kivuli chake chini. Alijua tangu majani ya kwanza yalipotoka. Akanichumbia anajua, akanizalisha anajua, akafa anajua." Alikuwa hakasiriki tena, alikuwa kama mtu anayehesabu vitu alivyokuta kwenye sanduku. "Ninataka kumuuliza kwa nini hakusema, naye hayupo. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Wewe kwa nini hukusema?"

Fundi alifikiri. Aliona asimpe jibu la adabu, kwani majibu ya adabu walikuwa nayo ya miaka sita.

"Ulivyoupigapiga ule mti," alisema, "niliona jinsi unavyoupenda. Sikutaka niwe mimi wa kukunyang'anya."

Mama mkwe aligeuzia uso mlangoni. Nje mtu alipita na baiskeli yenye kengele mbovu.

"Basi labda naye ilikuwa hivyo," alisema mwishowe, polepole. Akatoa leso, akafuta jicho moja, kisha la pili, akaikunja vizuri. "Mpumbavu yule. Miaka yote ile."

"Kuteleza si kuanguka, mama."

"Miaka arobaini na mitatu? Hiyo si kuteleza, mwanangu. Hiyo ni kulala chini kabisa na kuvuta shuka."

Fundi alishikilia meza asicheke, akashindwa. Walicheka wote wawili, na mume aliyekuwa ukumbini akifunga kamba za viatu alisimama akasikiliza, akashukuru Mungu, akaondoka haraka kabla mambo hayajabadilika.

"Lakini usirudie," mama mkwe alisema walipotulia. "Yeye alikuwa mume, ana yake. Wewe nimekuchukua uwe macho yangu. Macho yakianza kunihurumia nitajikwaa."

"Sitarudia."

"Sasa lete hilo bati. Umelifanya nini, limekuwa kama ng'ombe mwenye upele."

Walikwenda chuoni siku hiyo hiyo. Fundi alisema yeye atamweleza mkuu wa chuo, mama mkwe akakataa. Aliketi mbele ya meza kubwa, mgongo umenyooka.

"Nimekuja kusema kwamba kwenye orodha yenu kuna kosa, na kosa ni langu. Mti namba kumi na tisa ni mkongo. Niliandika mkangazi."

Mkuu wa chuo alichukua kalamu. "Ulikosea lini?"

"Miaka arobaini na mitatu iliyopita."

Mkuu wa chuo alimtazama, akamtazama fundi, akaona hakuna anayetania. Aliandika. "Ahsante kwa kutuarifu mapema," alisema, na kwa mara ya kwanza fundi aliona kwamba mwanamke yule naye ana mzaha. Mama mkwe alitaka iandikwe barua, ibanwe pamoja na orodha, atie saini, ili atakayekuja baadaye asikute karatasi inasema hivi na kibao kinasema vile. Barua ikaandikwa. Alipoinama kutia saini, akiitafuta mistari kwa pua, mkuu wa chuo aliacha kuandika.

"Bibi, macho hayo anayatazama nani?"

"Mungu."

"Na daktari?"

"Nimeshaona vya kutosha, mwanangu."

"Umeniambia sasa hivi kwamba hukuona."

Mama mkwe alimrudishia kalamu. Fundi alitazama dirishani, akijitahidi uso wake usiseme neno. Siku ya kwenda kliniki ya macho iliandikwa nyuma ya nakala ya barua, na mama mkwe akaiweka kwenye mkoba wake shingo upande, akilalamika kwamba amekuja kurekebisha mti akarekebishwa yeye.

Bado kulikuwa na miti saba. Ilichukua wiki nyingine, na haikuwa kama zile wiki za mwanzo. Sasa fundi alibisha. Alisema, "Mama, hapo sikubali," na mama mkwe akajibu, "Sema sababu," na mara nyingine walisimama chini ya tawi moja nusu saa, wanafunzi wauguzi wakipita na kuwapisha kama watu wanaogombea urithi. Mara moja fundi alikuwa sahihi: namba ishirini na moja haukuwepo tena kabisa, na ule waliokuwa wakiupapasa ulikuwa jirani yake. Wakauacha bila kibao.

Kwenye namba ishirini na tatu orodha ilisema mkuyu. Fundi alichuma jani, akalipapasa, akatikisa kichwa.

"Umekosea, mama. Jani la mkuyu ulisema linakwaruza kama msasa. Hili ni laini kama la kununua."

Mama mkwe alilipokea, akalisugua kwenye kidole, akalinusa. Aliweka mkono kwenye shina, akausogeza juu, kisha pembeni, akashika kitu chembamba kilichojiviringisha pale, akakivuta.

"Hili umelichuma kwenye mtambaazi uliopanda juu ya mkuyu wa watu. Tazama juu."

Fundi alitazama juu. Ilikuwa kweli. Alinyoosha mkono mbali zaidi, akachuma jani jingine, na lilimkwaruza kidole.

"Nimekosea mimi," alisema.

"Vizuri. Dakika mbili," alisema mama mkwe, akitandaza gazeti magotini. "Unajifunza haraka kuliko mimi. Lilaze hapa, upande wa chini uwe juu, uone mishipa."